Karatasi za Maka Abdirahman

Maka Abdirahman aliuza maziwa ya ngamia sokoni Garissa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia kwamba yeye si Maka. Aliyemwambia alikuwa karani wa ofisi ya vitambulisho, alipokwenda kuomba kadi, Jumatatu asubuhi, mwaka wa tisini na sita.

"Mama, kitambulisho chako kipya ulikichukua mwezi wa tatu."

"Mimi?"

"Maka Abdirahman Guleid. Soma mwenyewe."

Maka akageuka kutazama foleni, pengine yuko Maka mwingine nyuma yake. Wapi! Kulikuwa na wazee wawili tu, wote wana ndevu.

"Nimechukua lini mimi? Saa ngapi? Mbona sijijui?"

"Alama za vidole zikikaguliwa Nairobi tutajua. Miezi sita."

"Miezi sita? Mtoto atakuwa ameshaanza kukaa!"

Hapo ndipo penye shida yake. Khadra, bintiye wa pekee, alikuwa Nairobi na mimba ya kwanza, mwezi wa nane. Mama akikosa siku arobaini za uzazi wa kwanza wa bintiye, uso atauweka wapi? Na daraja la Tana halivukwi bila kitambulisho. Askari husimamisha basi, hushusha watu, na asiye na kadi kiti chake huondoka bila yeye.

Karani akamwonea huruma kidogo. "Rudi Alhamisi. Nitamwita huyo mwingine naye aje."

Njiani Maka alijiuliza ni nani angelitaka jina lake. Kadi yake ya zamani hakuwa nayo. Mwaka wa tisini na mbili alimwazima Arbia, binti wa ami yake, aliyekuja mbio kutoka Somalia alikoolewa, kupitia Diff mpakani, akikimbia vita na watoto watatu, apitie vizuizi vya barabarani. Kwao ndugu akikwama unampa kadi kama unavyompa ngamia wa maziwa akakamue kiangazi kizima, na ngamia akifia kwake humdai, ni aibu. Arbia alileta habari kwamba kadi imeanguka kwenye lori. Maka akasema ni kadari, yakaisha, asiulize tena.

Jirani yake Noordin, mwalimu mstaafu apendaye kueleza hata asiloulizwa, akamvuruga kabisa.

"Wezi wa siku hizi hawaibi mbuzi, Maka, wanaiba jina! Juzi nimefungiwa njugu kwa risiti ya shule ya mtu. Karatasi zako zote chana! Kata vipande hata shetani asiweze kuviunganisha."

Haya basi. Maka akatoa sanduku, akachukua mkasi na beseni la maji. Darasa la ngumbaru lilimfundisha kusoma jina lake na la baba yake, akaachia hapo. Akikuta Maka, anakata. Cheti cha kliniki, risiti za shule ya Khadra, kadi ya pinki ya uhakiki, ile ya kuonyesha kwamba ni Msomali wa Kenya, aliyoipangia foleni siku mbili, zote zikaingia majini zikawa uji. Ila Abdirahman alilikata pembeni kila lilipokuwa, kwa kuwa Rahman ni jina la Mungu na halitupwi jalalani. Akavifunga vile vipande kwenye kitambaa. Nawe usimcheke. Ukiambiwa wewe si wewe, utabaki na akili gani?

Alhamisi akamkuta Arbia ofisini, kwenye benchi, na faili mapajani. Moyo wa Maka ukatulia. Shahidi huyu hapa!

"Abaayo, dada yangu! Nani amekwambia? Umekuja kunisaidia?"

Arbia akalifunika faili kwa mtandio.

"Maka Abdirahman!" karani akaita. Arbia akasimama.

Maka naye akasimama, hajui anamfuata nani. Karani akataka karatasi. Arbia akaweka mezani kadi mpya, na kando yake ile ya zamani, ile iliyoanguka kwenye lori. Maka akafungua kitambaa.

"Abdirahman, Abdirahman, Abdirahman," karani akasoma. "Hili ni la baba. Lako liko wapi?"

"Nimelichana."

"Kwa nini?"

"Lisiibiwe."

Karani akauliza jina la babu, mama, mahali pa kuzaliwa. Arbia alijibu kabla Maka hajafungua kinywa. Walilelewa boma moja.

"Na huyu unamjua?"

Arbia akasogea karibu. Akamnong'oneza Maka kwa Kisomali: "Nisamehe. Watoto wangu wameandikwa kwa jina hili, nikilitoa tunarudishwa vitani." Kisha kwa Kiswahili, kwa sauti: "Namjua. Ni binti wa ami yangu. Anaitwa Arbia."

"Kweli, mama?"

Maka akamtazama dada yake. Akisema ukweli, wale watoto watatu wanatupwa mpakani usiku huu. Asiposema, je? Likamtoka swali moja tu.

"Na Khadra?"

Karani akafunua faili. "Khadra ni binti wa Maka," akasema, akachukua fomu ya wageni, ya wasio raia. "Wewe, Arbia, una watoto?"