Mume Aliyenyamazisha Feni

Siku fundi aliponyamazisha feni ndipo alipogundua kwamba chumba chake cha kazi kimekwisha kugawiwa mtu, na aliyekigawa ni yeye mwenyewe.

Mtaani walimwita Mzee Sawa. Si kwamba alikuwa mzee kiasi hicho, ila upara humzeesha mtu kabla ya siku zake. Alitengeneza redio na amplifaya katika chumba cha nyuma cha nyumba yake, na fahari ya chumba hicho ilikuwa osiloskopu, chombo cha kupimia chenye kioo kinachochora mawimbi ya umeme. Aliinunua kuukuu, nzito kama mfuko wa saruji, na feni yake ya kupoza ilinguruma kutwa. Mkewe alizoea kusimama mlangoni kumweleza mambo ya nyumbani. Yeye, jicho moja kwenye kioo, aliona midomo ikicheza, akajibu, "Sawa, mke wangu." Wanawake wa jirani wakawa wanawasuta waume zao kwa mfano wake: mwenzenu hajawahi kubisha! Angebisha nini, maskini, naye hasikii hata neno?

Aliyemzindua ni mwalimu wa kwaya, aliyerudisha amplifaya yake mara ya pili akiwa amefura.

"Fundi, bado inavuma!"

"Haivumi, mwalimu. Sikiliza mwenyewe."

"Nisikilize nini, na hilo dude lako linanguruma hivi?"

Fundi akaona aibu. Daktari gani anayepima mapigo ya moyo kando ya ngoma? Akaivua osiloskopu bati lake. Kwanza alitia feni mafuta ya cherehani. Ikanyamaza kidogo, kisha ikarudi na hasira mpya. Akaipunguzia umeme izunguke polepole. Chombo kikashika joto, mstari kwenye kioo ukaanza kupanda wenyewe, naye akawa analaumu amplifaya isiyo na kosa. Mwisho akaifungua feni kutoka kwenye bati, akaishika mkononi ikizunguka, na kelele ikapungua nusu. Kumbe nusu nyingine ilikuwa ya bati, lililotetemeka nayo! Basi akatafuta feni pana kwenye kompyuta iliyokufa, isukumayo upepo mwingi bila kukimbia, akakata vipande vya mpira kwenye ndala za mkewe, akavipachika kila penye skrubu. Akawasha. Kimya. Kwa mara ya kwanza akaisikia amplifaya ya kwaya ikivuma kama nyuki chupani, akacheka peke yake.

Mkewe akatokea mlangoni.

"Kaka anafika Jumamosi na magodoro yake. Hii meza yako tuipeleke leo uani, kama ulivyokubali."

"Meza ipi?"

Mkewe akaruka kama aliyejibiwa na kabati. "Kumbe unaongea?"

"Nilikubali lini mimi?"

"Mara tatu! Nikakuuliza, una hakika? Ukasema, sawa, mke wangu."

Uani hapakuwa na paa wala ukuta, na mvua na amplifaya havijawahi kupatana. Bila chumba hakuna kazi. Lakini ili kukiokoa ilimbidi aseme jambo ambalo mume mwenye akili halisemi.

"Sikusikia," akasema. "Feni ilikuwa inanguruma. Nilikuwa naitikia tu."

Mkewe akaketi juu ya spika. "Tangu lini?"

"Tangu ninunue hiki chombo."

"Hata nilipokwambia nimeuza baiskeli yako?"

"Umeuza baiskeli yangu?"

"Hata siku ile nilipokwambia kwamba nikizungumza na wewe moyo wangu unatua, kuliko hata nikizungumza na mama mzazi?"

Fundi aliinama. Iliuma, kwa sababu hilo angelipenda sana kulisikia, na lilimpita likienda kupulizwa nje pamoja na joto la osiloskopu.

"Haya, zima na hiyo feni mpya," mkewe akasema. "Nakuuliza upya. Kaka akikaa humu, sawa?"

Fundi alizima. Alimpenda mkewe, na ugomvi aliuogopa kuliko shoti ya umeme.

"Hapana," akasema, akasubiri radi.

Mkewe akafuta macho kwa kiganja.

"Afadhali. Kaka atalala sebuleni. Sasa nisogezee kiti, spika hii inaniumiza. Nina maneno ya miaka minne."