Mwambieni wa Saksafoni Apumzike

Enzi zetu jazi ilifuatwa kwa miguu. Jumapili tukitoka misa, ugali haujashuka hata vizuri tumboni, tunakata mitaa ya Tabora kwenda kwenye bugi, dansi la mchana la wanafunzi, maana la usiku lilikuwa la wakubwa. Ukumbi wenyewe bati tupu. Joto, jasho, harufu ya karanga za kukaanga, na mbele yako bendi nzima, watu wazima ndani ya sare, wanapuliza mpaka mishipa ya shingo inawasimama. Leo kijana anasikiliza muziki amelala chali, simu kifuani, halafu anakwambia kachoka. Kachoka nini?

Kaka yangu Pius ndiye aliyekuwa mrekodi wetu. Redio kaseti aliyoachiwa na marehemu baba aliibeba kama mtoto mchanga, na betri tulikuwa tumezianika juu ya bati tangu asubuhi zirudishe nguvu. Alikuwa anajipenyeza mpaka karibu na mpiga saksafoni, halafu anatugeukia sisi wadogo zake: “Atakayekohoa kwenye kanda yangu atanikoma!” Tulibana pumzi, wallahi, nusura tufe.

Kanda zile hazikuwa za kwetu peke yetu. Mama, ambaye tulimwita Mayu kwa Kinyamwezi chetu, alipenda saksafoni kuliko nyama, na mwaka ule hakuwepo nyumbani. Alikuwa Usoke kwa mjomba, kwenye mashamba ya tumbaku, ili sisi tubaki shule. Basi Jumatatu Pius anamkabidhi kanda gadi wa garimoshi la Kigoma. Huko Usoke inasikilizwa na kijiji kizima kwenye redio ya mjomba, halafu inarudi kwa njia ileile, imefungwa kwenye kitambaa pamoja na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, yote inanuka tumbaku. Huko ndiko kusambaza muziki, si huku kwenu kwa kubofya.

Siku moja kanda ikarudi, tukaiweka. Saksafoni imefika pale patamu kabisa, mara kaa, mlio wa kitufe cha kurekodi cha redio ya mjomba! Sauti ya Mayu, kubwa, kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto:

“Hamjambo wanangu? Mwambieni huyo wa saksafoni apumzike kidogo, niseme na nyie. Pius, soma. Yustina, nywele zako asiziguse mtu, nitakuja kukusuka mwenyewe tukimaliza tumbaku. Haya baba, endelea kupuliza.”

Na saksafoni ikaendelea! Tulicheka mpaka tukagaragara. Pius alinuna, eti Mayu kamharibia kanda, lakini jioni tukamkuta anairudisha nyuma kwa kalamu asimalize betri, apate kumsikia tena.

Mayu hakurudi. Homa ilimchukua hukohuko Usoke kabla tumbaku haijaisha, na nywele zangu zikanyolewa msibani. Picha yake hatukuwa nayo hata moja. Kilichobaki cha mama yetu duniani ni ile sauti katikati ya saksafoni.

Pius naye alipomfuata Mayu, kanda ikabaki kwangu hapa Ipuli, kwenye kopo la biskuti, na hakuna tena chombo cha kuipigia. Miaka mingi sikumsikia mama. Ndipo Frenk, mtoto wa Pius, aliposema ataihamishia kwenye simu. Nilimwambia wazi, bibi yako yumo humo. Akaitikia ndiyo Shangazi, ndiyo Shangazi, macho yake kwenye simu.

Akarudi anameremeta. “Shikamoo Shangazi! Tumetrendi!”

Nikaketi mkekani kusikiliza. Lo, ulikuwa muziki safi! Hakuna kikohozi, hakuna bati linalogonga. Nikafunga macho, nikaingoja ile kaa. Wimbo ukafika pale, ukapita. Saksafoni ikatiririka moja kwa moja, laini, tamu, mpaka mwisho.

“Mayu yuko wapi?”

“Nani? Aaa, kulikuwa na mama anaongea. Fundi wa studio akaona ni kelele, akamtoa. Pengo limejazwa na kompyuta, Shangazi, huwezi hata kujua.”

“Na kanda yangu?”

“Ilikatikia kwenye mashine, tukaitupa. Si ipo mtandaoni?”

Nimekasirika, na asitokee mtu wa kuniambia eti ndiyo maendeleo. Mtoto wa kaka yangu sikumpiga, nilimwambia tu aondoke. Kanda yetu ilikuwa inakwenda stesheni moja tu, Usoke, na ilirudi imebeba mtu. Hii yao inazunguka dunia nzima, wasikilizaji kibao, mioyo myekundu imejipanga, na ndani mama yangu hayumo. Nimezeeka bila kusukwa zile nywele, nikavumilia. Hili limenishinda.

Jana Frenk kanipigia simu. “Shangazi, watu wanauliza, huyo anayepuliza pale katikati ni nani? Wanasema kipande kile ndicho kitamu kuliko vyote. Niandike jina gani?”

“Usiandike jina,” nikamwambia. “Pale alikuwa amepumzika. Alikuwa anampisha bibi yako aseme na wanawe.”