Samaki wa Ng'ambo ya Barabara

Juzi nilishuka kwenye tramu pale barabara ya Spadina, huku ughaibuni, nikakuta duka la samaki limezibwa kwa mbao. Nikacheka peke yangu, ndugu yangu, nikacheka mpaka wapita njia wakanitazama. Siku ile niliisubiri tangu utotoni.

Nilipokuwa mdogo, kila Jumamosi bibi alinichukua kutoka mtaani kwetu Lawrence Heights tukaenda soko la Wachina. Kando ya barabara yalipangwa makasha ya mihogo na tangawizi yenye udongo. Bata wa kuoka walining'inia madirishani wakidondosha mafuta, na wachuuzi waliita bei kwa lugha tusiyoijua. Bibi, mzaliwa wa Kigoma, hakujua Kiingereza wala Kichina, lakini alipatana bei kwa vidole na nyusi. Mama mmoja muuza mboga alimpenda sana. Hatukuondoka kwake bila fungu la mchicha la nyongeza.

Siku moja tulivuka kwenda kwa muuza samaki. Bibi aliinua sato, akafunua mashavu aone kama yangali mekundu, kama alivyofanya maisha yake yote. Yule bwana akamnyang'anya, akapiga kelele kwa Kiingereza kwamba ameficha mwingine, kisha akakimwaga kikapu chetu sakafuni. Vitunguu vikabingirika kwenye maji ya samaki. Sato hakuwemo. Watu wakatutazama.

"Amesema nini?" bibi aliniuliza.

"Amesema wewe ni mwizi."

Aliinama akaokota vitunguu, akavifuta kimoja kimoja kwa kitenge chake.

Nyumbani nilimsihi amlaani. "Kulaani ni kazi ya Mungu," alijibu. "Mimi nitafanya ya kwangu."

Kesho yake kanisani aliwasimulia akina mama. Jumamosi iliyofuata tulikwenda kundi zima, vitenge njia nzima. Tulisimama mlangoni kwake mpaka alipotuona, kisha tukampa mgongo, tukavuka kwa mama muuza mboga. Haukupita muda, mama yule akaanza kutuwekea sato kwenye barafu. Tuliendelea hivyo miaka, na wateja wengine wakaifuata foleni yetu.

Mara moja yule bwana alivuka mwenyewe, akamnyooshea bibi samaki aliyefungwa kwenye karatasi, bure.

"Mwambie nimeshiba," bibi alisema, bila kumtazama.

Nilimwambia, kwa Kiingereza changu safi kabisa. Utamu wa maneno yale ningali nao ulimini.

Sasa bibi hayupo. Mama muuza mboga alihamia kwa wanawe, na palipokuwa na makasha yake wanauza simu. Wanangu wanadhani samaki huzaliwa ndani ya plastiki. Mchungaji hutuambia tusamehe, nami nimesamehe wengi. Yule bwana bado. Wote niliowapenda sokoni pale wamekwenda. Nikimwachilia na yeye, sitabaki na mtu.