Migongo Saba ku Ukuta Yangu

Afazali niseme minyi mwenyewe, juu bengine bakisema banaongeza: minyi, muzee muzima, baba wa mutoto musichana, njo nilichafulia bakwe nguo nyeupe siku balikuja kuomba mutoto, na nilibachafulia bila kubagusa, nikiwa nimeikala ndani, mlango imefungwa.

Tuanze na ukuta. Nyumba yangu hapa Kamina nilijenga na matofari ya udongo, zile za kukausha na jua, na manjanja juu (manjanja njo yale mabati ya kufunika nyumba), sasa ile manjanja nilipima mubaya, ilitokea inje vidole tu, basi kila mwaka mvua inatoka upande wa barabara, inapiga ukuta ya mbele, na chini inakuwa laini sawa bukari, ule ugali wetu, yenye haijaiva.

Shemeki yangu Ilunga, ndugu ya bibi yangu, fundi wa kujenga, aligonga pale na kidole, udongo ikaanguka.

– Shemeki, maji haiombe mlango, akasema. Ongeza manjanja itoke inje mukono muzima, na chini uchimbe mufereji, maji ipate kwenye kupita.

Nikaitika. Manjanja tatu nilikuwa nayo tayari. Lakini wiki ile nilikuwa nimenunua mabata (mabata ya Kinkondja, ya kukomalia ku ziwa, moja ilikuwa inaniangalia sawa mwalimu mwenye kasirani, lakini ile ni habari ingine), na mabata haikuwa na nyumba, nikasema ukuta itangojea, nikafunika mabata na zile manjanja tatu. Ndiyo, munasikia muzuri. Niliachia mvua ukuta, nikakinga bata.

Na juu Ilunga anyamaze, nikaenda kwa jirani nikapata kopo ya mafuta ya zamani ya mashini, nyeusi tii, nikapaka ukuta yote ya mbele, toka chini mpaka ku mabega ya mutu. Mafuta na maji haipatane, hata mutoto anajua. Nyumba ikangaa sawa kiatu ya mukubwa. Kisha siku tatu nikagusa, kidole ikatoka nyeusi. Nikapanguza ku suruali, nikaingia kula.

Siku ya ine njo bakwe bakafika na treni kutoka Luena. Mutoto wangu Numbi, mwenye anafundisha ku masomo, alikuwa anapenda kijana wao miaka mbili, na siye wote tulijua akimukosa yule hatataka mwingine. Balikuwa sita: Muzee Kalenga mwenye kuwa musemaji wao, mama ya kijana, na bamama ine ba kanisa, bote nguo nyeupe mpaka kitambala ya kichwa.

Sasa kwetu iko desturi: bakwe habaingie mpaka baweke jembe mupya mu mukono ya baba wa musichana. Na bakigeuka kurudi bila kuingia, ndoa imekufa, hakuna kuomba mara ya pili. Jembe ilikuwa nyuma, ku baiskeli ya ndugu yao mumoja, na baiskeli ilipasuka mupira njiani kutoka stesheni.

– Baba, jembe inakuja, akasema Muzee Kalenga pale inje.

– Na minyi niko ndani, nangojea, nikajibu. (Niliona ni maneno ya mutu mukubwa.)

Mvua ikashuka.

– Baba Numbi, fungula, akasema bibi yangu. Bantu banalowa.

– Jembe kwanza. Babu yangu alingojea jembe.

– Babu yako alikuwa na baraza!

Basi nikafungua dirisha kidogo, nikabaita na huruma yote:

– Bamama, musikae pale! Mufinye migongo ku ukuta muzuri-muzuri, mvua haitabafikia!

Mafuta? Mungu anajua, nilikuwa nimesahau. Bakafinya.

Tukangoja. Mara maji ikaanza kutokea chini ya ukuta, huku ndani, kidogo kidogo, ikapita chini ya meza, ikafika ku kiatu yangu. Bibi yangu akaangalia maji, kisha akaniangalia.

– Na hii, iliingia na jembe gani?

Nikainua miguu. Njo baiskeli ikafika. Nikavaa koti, nikafungua mlango na heshima yote, Muzee Kalenga akanyoosha jembe, na mama ya kijana akageuka, akainama kuvua viatu. Nikaona mugongo. Nyeusi, toka mabega mpaka kiuno. Bengine bakageuka kuangalia nini inanishangaza, na minyi nikaona migongo yote. Ndugu wa baiskeli, mwenye kulowa mpaka mifupa lakini safi, akaanza kucheka.

Mama akajipapasa, akaangalia mukono yake.

– Muzee Kalenga, rudisha jembe. Twende.

Numbi akapita kando yangu bila kuniangalia, mu nguo yake mupya ya siku ile, akaenda kusimama ku ukuta, akafinya mugongo, akarudi, akageuka mbele ya yule mama.

– Mama, mukienda, tutaenda bote. Niko sawa nanyi.

Mama akaangalia ile mugongo nyeusi. Kisha mama akacheka, alicheka mpaka akashika mabega ya Numbi.

– Huyu ni wetu! Lakini weye, baba mukwe, jembe hii haitatundikwa ku ukuta sawa picha. Itachimba mufereji. Leo.

– Ingieni kwanza, nikasema. Ingieni.

Nikachimba, koti mu mwili, mvua ku kichwa, na kule ndani bakwe bakakula bata. Kisha wiki moja Ilunga akatoa zile manjanja tatu kwa mabata, akaongeza ku nyumba, mukono muzima. Mabata yenye kubakia hayakulalamika: bata gani iliomba kinga ya mvua?

Alama ya ile migongo saba iko ku ukuta mpaka leo, sita pamoja na moja kando, na bibi yangu amekataza kupaka juu. Ukuta iko mukavu. Na minyi, mutu akifika na mvua, siulize tena ameshika nini ku mukono. Nafungua. Jembe itafika tu.