Kuhesabu Mgongo Kutoka Chini

Wakati huo nilikuwa nikibeba maji kwenye maghorofa ya mtaa wa Kware. Mitungi miwili, ngazi hadi juu kabisa, halafu nashuka mikono mitupu, kichwa kikielea kama nguo zilizoanikwa kwenye balkoni. Kabla ya hapo nilikuwa nimeuza mitumba mtaani Jericho na kupaka rangi mageti Donholm. Sikutulia popote. Miguu ndiyo iliyokuwa mali yangu, kwa hiyo niliogopa wa kushoto ulipoanza kuwaka kutoka nyonga hadi kidole gumba.

Kliniki walinipiga picha ya mgongo. Niliiinua dirishani nikasahau maumivu. Mifupa yangu ilipangana kama pingili za muwa, ikizungukwa na ukungu ambao, nadhani, ndio mimi. Daktari alitaja majina nami nikayapokea kama peremende: pingili, diski, neva, kifandugu. Diski ni kama mto laini kati ya pingili mbili. Mmoja wangu ulikuwa umetokeza na kubana neva inayoshuka mguuni. Akaandika L4/L5: pingili za kiuno, ya nne na ya tano.

"Hapo pasikandwe," akasema. "Mguu unaweza kufa ganzi."

Niliacha shule mapema, na neno jipya huniweka macho wazi siku nzima. Nilirudi nikiyaimba yale majina, nikanyoosha mgongo kwa mama jirani anayetukanda sisi wabeba maji kwa mafuta ya moto.

"Mama, kanda kwingine kote. Nne na tano usiguse."

"Nne na tano ni wapi, mwanangu?"

Nikapapasa kutoka kwenye kifandugu, ule mfupa wa mwisho wa mgongo, kwenda juu, moja, mbili, tatu, kama nilivyohesabu ghorofa kila siku, nikamwelekeza atie alama kwa kalamu. Mwenzangu wa mitungi alikuwa mlangoni akicheka.

"Buda, kumbe mgongo wako ni ploti ya vyumba vya kupangisha! Keja za kiuno ziko ngapi?"

"Tano."

"Na hakuna lifti?"

Mama akaiepuka alama kwa heshima. Akashuka chini yake, akakandamiza kwa kiganja. Umeme ukanipita, kisha mguu ukanyamaza.

"Unasikia?" akauliza.

"Nini?"

"Nimekufinya kidole."

Hakuna aliyecheka tena. Walinibeba hadi kliniki, na daktari akaitazama ile alama.

"Nani alihesabu?"

"Mimi. Kutoka chini."

"Kwa nini chini?"

"Nyumba huanzia chini, daktari."

"Mgongo huanzia kichwani," akasema taratibu. Kidole chake kikashuka kutoka shingoni, kikapita pingili za kifua, kikahesabu za kiuno kwenda chini, na kwenye ya nne na ya tano kikasimama palepale mama alipokandamiza.

Nikaambiwa nipumzike, nifanye mazoezi, ningoje. Nililala majuma mengi nikisikiliza maji yakipandishwa na miguu ya wengine. Nyakati nyingine niliota nikipanda ndani ya picha ile, pingili baada ya pingili, nikitafuta mlango. Mama aliingia kila asubuhi kabla ya chai, akafunua blanketi, akafinya kidole gumba cha mguu ule. Nami nilitikisa kichwa.

Asubuhi moja nikahisi kitu kwa mbali, kama mtu anayebisha hodi ghorofa nyingine.

"Mama. Nimesikia."

Akanitazama usoni, kisha akafinya tena kwa kucha.

"Na hii?"

"Uwii!"

Akaketi sakafuni pale pale, kidole changu bado mkononi mwake, akacheka hadi machozi yakamtoka.