Vilima Viwili Vidogo Kwenye Ubao

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya picha za kuchapa mjini Nachingwea, Mkuu wa Karakana alinipa ubao wa mninga na patasi. "Ukichimba, patabaki peupe. Usipogusa, patashika wino. Kwa hiyo fikiria kabla hujachimba, binti." Mwaka mzima nilichonga majani ya mkorosho tu.

Baadaye tulihamishiwa wote Ruangwa, na huko ndiko nilikochonga mandhari yangu kubwa ya kwanza: hadithi ya Wamakonde niliyosimuliwa na bibi. Mtu aliishi peke yake porini. Akachonga mti, mti ukawa mwanamke. Walipokaa bondeni, kando ya mto, mtoto wao alizaliwa amekufa. Wakapanda juu kidogo, wa pili naye hakuishi. Wa tatu alizaliwa juu kabisa, kwenye uwanda, akaishi. Bonde nililichonga kwa mistari myembamba iliyobanana, lionekane zito. Juu nikachimba kwa upana, mwanga uingie. Makaburi ya wale wachanga sikuyagusa: vilima viwili vidogo, vyeusi.

Mkuu hakuvipenda. "Wageni wanataka mandhari, siyo makaburi. Viondoe." Ilikuwa kazi ndogo tu ya patasi. Nikaomba anipe mpaka kesho.

Asubuhi alikuja Mama Kulwa, wa wale wafugaji waliohamia kutoka Kanda ya Ziwa, kutuletea maziwa. Akaiona chapa ya majaribio ukutani, akauliza vile vyeusi ni nini. Nikamsimulia. Akaweka ndoo chini.

"Mimi nilizaa mapacha," akasema. "Kulwa yupo, anachunga. Doto tulimwacha kule, kaburini, tulipohama na ng'ombe. Sijui nani anampalilia."

Mkuu alikuwa amesimama mlangoni. Alichukua rola, akaupaka wino ule ubao kama ulivyo, akachapa. Mama Kulwa aliomba tuandike chini ya picha: Doto.

Wakaja wengine, Wamwera, Wayao, kila mmoja na jina la mtoto aliyemzika.

Sasa nimestaafu, nalima ufuta Nkowe, na vidole havishiki tena patasi. Kazi ile naikumbuka sana, na Mkuu, mwalimu wangu, zaidi. Siku anastaafu yeye, alichapa nakala moja ya ubao ule, akaandika jina chini ya picha kwa mkono wake, akaiviringisha na kuondoka nayo. Miaka yote ile tulikaa meza moja, wala sikuwahi kujua kama aliwahi kuwa na mtoto.