Kula Kwanza

Barua pepe za kukataliwa huanza kwa kukusifu. "Tulifurahi sana kusoma kazi yako," waliniandikia mara ya kwanza, nami nikakaa na lile "sana" kwenye basi kutoka kazini hadi nyumbani Lewisham, hapa London, nikiligeuzageuza. Mtu aliyefurahi sana angenipa nafasi. Aliyefurahi kidogo angenyamaza. Hawa walifurahi sana, wakanifungia mlango.

Nilikuwa nimeomba kusomea shahada ya uzamili ya uandishi wa filamu. Mchana napokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno, nikiwasikiliza watu wazima wakidanganya kwamba wanapiga mswaki, jioni naandika. Mswada niliowapelekea ulikuwa mfupi. Dada wawili wanaishi London, mama yao amefariki Tanga. Mkubwa ameshapata habari. Mdogo anarudi kutoka shifti ya kutunza wazee, hajui kitu. Mkubwa anampokea koti, anamwekea chakula, anamuuliza habari za treni. Anangoja ale. Filamu nzima ndiyo hiyo.

Jopo la udahili lilinitunuku sentensi moja ya maoni: haieleweki kwa nini dada mkubwa hasemi tu.

Hasemi tu! Niliwadharau kwa wiki kadhaa. Niliwaona wamekaa mezani na biskuti zao, watu wanaoweza kupeana habari za msiba kwa sauti ile ile ya kutangaza kwamba treni imechelewa, na hao ndio wangenifundisha jinsi binadamu wanavyozungumza. Kwetu hata mtoto anajua kwamba msiba hautupiwi mtu aliyesimama na njaa yake. Anakalishwa, anatia kitu tumboni, maana akishaambiwa hatakula tena.

Lakini dharau yangu ina kasoro: haidumu. Nikimdharau mtu leo, kesho naanza kujiuliza kama si yeye mwenye haki. Mwaka uliofuata nikawatii. Dada mkubwa akafungua mlango na kusema, "Mama amefariki," mwenzake bado ana mkoba begani. Kurasa zilizobaki nikazijaza vilio, na masimulizi ya utoto ambayo wote wawili wanayajua, ili jopo lisipotee njia. Nilijiona mtaalamu.

Wakanikataa tena. Safari hii kazi ilikuwa safi, walisema, ila hawakuisikia sauti yangu.

Barua hiyo niliisoma chooni, kliniki. Nilicheka hadi mwenzangu wa mapokezi akagonga mlango kuuliza kama niko salama. Sauti yangu! Si ndiyo waliyoniambia niizime?

Tatizo likawa mama mdogo. Naishi kwake, na alishawatangazia kina mama wote wa kanisani kwamba mwanawe anakwenda kusomea sinema. Mmoja alishaomba nafasi ya kuigiza. Njia nzima nilipanga namna ya kumwambia, nikakataa kila sentensi kabla haijaisha, na nilipofika nyumbani nikajikuta napika wali. Mimi sipiki.

Aliingia kutoka kazini, akanusa.

"Kuna nini kinaungua humu?"

"Shikamoo, mama. Lete koti."

"Marahaba." Alilivua taratibu, macho kwangu.

"Treni zilikuwaje leo?"

"Tangu lini wewe unaniuliza treni?"

"Kaa, mama. Kula kwanza."

Alikaa. Akaitazama sahani, akanitazama mimi, akashika kifua.

"Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Usinifiche. Ni babu yako?"

"Babu mzima kabisa. Kula."

Akachota kijiko, akatafuna, uso ukamkunjamana. Kisha mabega yakamshuka.

"Wamekukataa," alisema, mdomo umejaa.

"Ndiyo."

"Washenzi hao." Akameza kwa shida. "Na wewe ndio unilishe ukoko mweusi kwa ajili yao?"

Aliendelea kula hata hivyo, nami nikamtazama. Sikuwa nimesema lolote, na habari ilikuwa imefika. Hapo nikaona kosa langu, na lilinikera kuliko barua zao zote mbili. Swali la jopo lilikuwa la kijinga, lakini hata mimi sikuwa nimeandika jibu lake. Katika kurasa zangu za kwanza yule mdogo alikula kama mbuzi, hashuku kitu. Mtu gani wa kwetu avuliwe koti, aulizwe treni, awekewe sahani na kusimamiwa, asijue? Nilikuwa nimeandika desturi yetu kwa macho ya mtu aliyesimuliwa tu.

Nikautupa mswada wa utii, nikarudi kwenye ule wa mwanzo. Sasa mdogo anajua tangu tonge la pili. Anaendelea kula, polepole mno, kwa sababu akimaliza itabidi aambiwe, na mkubwa anamwongezea mchuzi asiouomba. Neno "kufa" halitamkwi na yeyote.

Nimeutuma kwa jopo lile lile. Bado nawadharau, na bado nafungua barua pepe kila mara kuhakikisha kwamba kiambatisho kilikwenda. Wasipoelewa safari hii, ujinga utakuwa wa kwao peke yao; ule wa mwanzoni tuligawana.

"Watakujibu lini?" mama mdogo aliuliza.

"Sijui."

"Basi wakikukataa tena nitumie meseji tu. Wali wako siurudii."